Mnusaji wa Meli Nyeupe

Ijumaa ya tano tangu karani aanze kuja, kovu la Tamimu halikuwepo.

Vuai ndiye aliyeliona hilo kwanza. Au pengine wenzake nao waliliona wakanyamaza, maana watu waliofanya kazi pamoja baharini huzoea kunyamaziana. Ilikuwa saa tisa alasiri, na walikuwa wamekaa katika ukumbi wa mabaharia wastaafu, ndani ya mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuchagua. Meli iliwashusha hapo, ikageuza, ikaenda zake. Ulikuwa mji wa mawingu ya chini na majumba ya matofali yaliyobanana, na wenyeji wake walikuwa wapole, wakiwaita wote kwa pamoja wazee wa ndizi, bila kumuuliza yeyote jina lake. Tamimu alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe cha chai. Pale baina ya kidole gumba na cha shahada, ambapo miaka yote palikuwa na kovu jeusi lililojikunja, palikuwa na ngozi laini kama ya mtoto.

"Serahangi," Vuai alisema. Tamimu ndiye aliyekuwa msimamizi wao melini, na cheo hicho hakikumtoka hata baada ya kushuka. "Kovu lako limekwenda wapi?"

"Kovu gani?"

"La buibui."

Tamimu aliugeuza mkono wake, akautazama juu na chini kwa utulivu, kama mtu anayekagua kitu cha kuazima. "Buibui gani, Vuai?"

Vuai alicheka kidogo, akidhani anafanyiwa mzaha. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Wiki moja tu nyuma, katika kiti kile kile, Tamimu alikuwa amemsimulia karani jinsi buibui wa rangi ya kahawia, mkubwa kama kiganja, alivyotoka ndani ya mkungu na kumng'ata. Alilala siku sita na homa, akiita watu waliokufa zamani, na nahodha alikataa kuigeuza meli kumpeleka kwa daktari kwa sababu ndizi hazingoji. Karani alisikiliza hadi mwisho. Halafu akailaza kalamu juu ya kitabu chake chenye jalada la kijani, akasema kwa adabu, "Hili tuliache, mzee. Tusiwahuzunishe watu."

Karani huyo alitumwa na Nyumba ya Kumbukumbu, jengo la vioo lililokuwa linajengwa gatini na wale waliokuwa wamiliki wa meli yao. Kila Ijumaa alikuja na biskuti kwenye bati, akaketi mezani, akawaomba wasimulie. Aliandika habari za pomboo waliocheza mbele ya omo ya meli. Aliandika nyimbo za makuli, na harufu ya bandari za nchi za joto, na mpishi aliyejua kupika ndizi mbichi kwa namna thelathini. Mengine aliyaacha. Wazee hawakuona ubaya, maana kila kitabu kina kinachoingia na kisichoingia. Vuai peke yake, alasiri hiyo, akiutazama mkono wa Tamimu, alianza kujiuliza jambo linaloachwa huenda wapi. Je, hubaki pale lilipotokea, likimsubiri mtu mwingine aje alitaje? Au kutokea kwake kulikuwa ni mkopo tu kutoka vinywani mwa walioliona, na wakinyamaza wote hurudi kulikokuwa kabla ya kutokea? Na kama ni hivyo kwa kovu, kwa nini isiwe hivyo kwa mkono? Kwa nini isiwe hivyo kwa mwenye mkono?

Alikunywa chai yake, na chai ilikuwa imepoa.

* * *

Waliiita Meli Nyeupe kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kuiita. Jina lake halisi lilikuwa limepakwa rangi kabla ya wao kuajiriwa, herufi zikabaki kama makovu chini ya weupe, na hakuna aliyeweza kuzisoma. Ilibeba ndizi, haikubeba kitu kingine. Zilikatwa mbichi mashambani, makuli wakazipandisha mabegani, mikungu ikapangwa safu mbili wima na ya tatu imelazwa juu yake, mpaka ngama yote, tumbo zima la meli, ikawa kijani kibichi. Halafu milango ikafungwa, feni zikawashwa, na baridi ikapulizwa ndani mpaka kipimajoto kikasimama kwenye nyuzi kumi na tatu. Kikipanda, ndizi zingeamka na kuiva njiani. Kikishuka sana, zingefia ndani ya maganda yake na kuwa nyeusi. Katika kumi na tatu zililala, hazikuishi wala hazikufa, na kazi ya meli nzima, injini na watu na nahodha, ilikuwa kuulinda usingizi huo.

Kazi ya Vuai ilikuwa kunusa. Mkungu mmoja ukiiva, pumzi yake huiamsha mikungu ya jirani, na hiyo huamsha mingine, na kwa siku chache shehena yote huwa imekwenda. Kwa hiyo Vuai aliingia ngamani na kurunzi, amevaa koti zito, akapita katika vijia vyembamba, akitanguliza pua. Harufu ya mkungu ulioanza kuiva ilimfikia kutoka mbali, tamu, ya joto, kama sauti ya mtu anayeita kwa upole. Aliufuata, akautoa, akaubeba begani mpaka sitahani, akautupa baharini. Hakuwahi kukosea. Nahodha alimheshimu kwa hilo, akimwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya kwa wengine.

Lakini baridi ile haikuzilaza ndizi peke yake. Kucha zao ziliacha kurefuka. Mtu alinyoa ndevu mwanzo wa safari, na mwisho wa safari kidevu chake kilikuwa bado laini. Bandarini walikaa saa chache tu, pakia au pakua, kisha wakarudi baharini, safari ikiunga safari. Mwanzo walifurahi kwamba hawazeeki. Hawakujua kwamba nchi kavu wakati ulikuwa unaendelea na safari yake bila wao. Walipokuja kushushwa katika mji huu, kila mmoja alikuwa na sura ya mtu wa miaka hamsini na macho ya mtu wa tisini, na watu wakawaita wazee kwa kuyafuata macho.

* * *

Alasiri hiyo hiyo ya kovu, mlango wa ukumbi ulifunguliwa, upepo ukaingia, na nyuma ya upepo akaingia bibi kizee mwenye mkongojo. Alikuwa amevaa koti la kijivu juu ya kanga, na ushungi mweupe uliolowa manyunyu. Alisimama akawatazama mmoja mmoja.

"Asalaam alaykum."

Wakaitikia.

"Namtafuta Vuai Mcha."

"Ndiye mimi."

Bibi alimsogelea, akainama kwa taabu. "Shikamoo, ami. Mimi ni Mize. Mize binti Ngwali."

Ami ni neno la mtoto kwa ndugu wa baba yake, na aliyelisema alikuwa na nywele nyeupe kuliko za Vuai, mgongo uliopinda kuliko wake, mikono iliyojaa mishipa. Vuai alitaka kuikataa shikamoo ile. Hakuthubutu. "Marahaba," alisema.

Tamimu alimvutia mgeni kiti. Mize aliketi, akauegemeza mkongojo wake kwenye meza, akasema alichokuja kusema bila kuzunguka.

"Nilikuwa na miaka sita baba alipopanda meli yenu. Sasa nina vitukuu. Ofisi ilituletea barua kwamba ameteremka njiani kwa hiari yake. Mama aliiamini ile barua. Alikufa akiamini kwamba tuliachwa. Mimi sijaamini wala sijakataa, nimekaa nalo tu hili jambo, miaka yote. Safari hii nimeuza nilichonacho nikaja. Nataka kuambiwa, basi."

"Hatukuwa na mtu wa jina hilo, bibi," alisema Tamimu. Hakuwa anadanganya. Vuai aliliona hilo machoni mwake, na hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa, maana Tamimu na Ngwali walilala vitanda vya juu na chini.

Karani, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza, alipitisha kidole kwenye orodha ndefu ya mabaharia. "Ngwali. Hayumo," alisema kwa huruma. "Pole sana, mama."

Mize hakumtazama karani. Alikuwa anamtazama Vuai.

Nyamaza. Sema kwamba humkumbuki. Wote hawamkumbuki, kwa nini wewe? Ukisema, karani huyu ataweka kalamu chini. Akiweka kalamu chini, kitakachoachwa si kovu. Ni wewe ndani ya kisa hicho, wewe mzima, tangu unyayo. Nyamaza, Vuai, unywe chai yako. Mwanamke huyu ni mzee, atarudi kwao, atakufa kama mama yake alivyokufa. Na wewe utabaki.

Utabaki nani?

"Alikuwepo," Vuai alisema. "Alikuwa rafiki yangu."

* * *

Aliwaambia kwamba yote yalianza na swali, na aliyeuliza ni yeye.

Siku moja ambayo haikuwa na tarehe, yeye na Ngwali walikuwa ngamani, wamekaa juu ya mbao wakipumzika. Ngwali alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kuzungumza na mikungu kama mfugaji anavyozungumza na ng'ombe. Vuai, kwa kutaka maneno tu, akamwuliza, "Hivi, Ngwali, mwanao ana miaka mingapi sasa?"

Ngwali alifungua mdomo kujibu, jibu lisije. Alihesabu kwa vidole, akarudia, akaacha. Uso wake ukabadilika.

"Sijui," alisema. "Vuai, sijui."

Tangu hapo hakutulia. Alimwuliza mpishi leo tarehe ngapi. Alimwuliza mtu wa injini. Akamwuliza kila aliyekutana naye, wa kwao anaitwa nani, alimwacha lini, ana uhakika gani kwamba yu hai. Na wale watu, ambao kwa miaka walikuwa wakila na kulala na kufanya kazi bila neno, wakaanza kuamka. Mmoja alilia akiwa anapiga deki, asiweze kusema kwa nini. Wawili walianza kuandika barua. Mpishi alisahau chumvi. Kwenye videvu vyao ndevu zikaanza kuota.

Nahodha alimwita Vuai chumbani kwake.

"Kuna kitu kinaiva melini," alisema.

"Ngamani hakuna, nahodha. Nimepita leo mara mbili."

"Sikusema ngamani."

Asubuhi iliyofuata filimbi ilipulizwa, wakapangwa sitahani, watu ishirini na wawili, wengine wamevaa, wengine nusu uchi, jua likiwaka juu ya rangi nyeupe hata macho yakauma. Nahodha alimwambia Vuai apite anuse. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai. Vuai akapita. Alinusa shingo ya wa kwanza, akanusa ya wa pili. Jasho, sabuni, mafuta ya mashine. Alipita mbele ya Tamimu, akapita mbele ya Ngwali, akafika kwa mtu wa mwisho, na harufu haikuwa kwa yeyote kati yao. Lakini ilikuwepo, tamu, ya joto, karibu sana. Akainua mikono yake kujifuta uso, na ndipo alipoipata. Ilikuwa inatoka kwenye viganja vyake mwenyewe.

"Basi?" nahodha akauliza.

"Nikamnyooshea Ngwali kidole," Vuai alimwambia Mize.

Karani alikuwa bado ameshika kalamu, lakini haikusogea.

"Kwa nini yeye?" Mize aliuliza.

Vuai alifikiri. Jibu alikuwa nalo miaka yote, ila hakuwahi kulitoa nje. "Wote walikuwa wakimdhania yeye, ingekuwa rahisi kuaminiwa. Hilo moja. La pili, nilipogeuka kuwatazama, wengine wote waliinamisha macho, waliogopa nisije nikawataja. Baba yako peke yake hakuinamisha. Alinitazama kama mtu anayejua kwamba sitamtaja."

Mize aliufikia mkongojo wake, akaushika kwa mikono miwili. "Endelea."

"Waliteremsha mashua. Wakampa maji, na chane ya ndizi mbivu. Alikuwa peku, maana tulitolewa vitandani ghafla. Akaniambia, 'Vuai, niletee viatu vyangu, nisije nikafika kwa watu peku.' Hakuwa na hasira. Nikashuka chini. Viatu vilikuwa mvunguni mwa kitanda chake, vimepangwa vizuri. Nikavichukua. Halafu miguu ikakataa kupanda ngazi. Nikakaa kwenye kitanda chake, viatu mapajani, nikasikia minyororo ya mashua, nikasikia mtu ananiita mara mbili. Nilikaa hivyo mpaka injini ikaongeza mwendo."

"Alisema kufika kwa watu," Mize alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nchi kavu ilikuwa inaonekana?"

Hilo ndilo alilovuka bahari kuliuliza, na Vuai aliona jinsi mwili wake wote uliochoka ulivyoinama mbele kulingoja jibu. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, na bibi yule angerudi kwao na baba aliyefika kwa watu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ningekuwa nimepanda na viatu ningeona. Sikupanda."

Mize alifumba macho. Tamimu alikuwa anamtazama Vuai kwa uso wa mtu anayesikia kisa cha nchi nyingine.

Karani aliilaza kalamu juu ya kitabu.

"Hili tuliache, mzee," alisema.

* * *

Siku ya Jumamosi muuza mikate alimwuliza Vuai kama yeye ni mgeni mtaani. Jumapili, jirani aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi alipita bila kugeuza shingo, na hakukuwa na kiburi katika kupita kwake. Alipita kama mtu anavyopita penye ukuta. Jumatatu, alipojitazama kwenye kioo, ilimbidi angoje kidogo kabla ya sura kuja. Jumatano alilikumbuka jina la mama yake lakini si la baba. Alilitamka lake mwenyewe kwa sauti, Vuai Mcha, Vuai Mcha, mpaka likawa mlio tu, kama jina la mji katika ramani ya mtu mwingine.

Alikuwa akiwaza kwamba alipomnyooshea Ngwali kidole, asubuhi ile, alifanya hivyo ili abaki. Na alibaki, kweli. Alikula, alilala, alipanda na kushuka ngazi. Lakini aliyebaki ni yule aliyelazwa na baridi, na yule mwingine, mwenye viganja vyenye harufu, yule aliyemwuliza rafiki yake habari za mwanawe, alikwenda na ile mashua. Sasa alikuwa amemrudisha, kwa dakika chache, mbele ya watu. Kama huo ndio ulikuwa muda wake wote wa kuwepo, basi na iwe. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini alikuwa anaogopa, na usiku alilala ameshika ukingo wa kitanda.

Ijumaa alikwenda ukumbini. Walikuwa wamekaa vile vile, chai, biskuti, kitabu cha kijani. Walipomwona mlangoni wakanyanyuka kwa adabu, kama watu wanavyomnyanyukia mgeni.

"Karibu, bwana," Tamimu alisema. "Na wewe ulikuwa baharia? Meli gani?"

"Serahangi, ni mimi."

Tamimu alitabasamu kwa haya, akawageukia wenzake kutafuta msaada. Mmoja baada ya mwingine wakatikisa vichwa. Karani alikwisha fungua orodha, kidole chake kikateremka taratibu hadi chini, kikapanda tena juu.

"Jina lako halimo," alisema. "Pengine umekosea ukumbi."

Vuai aliangalia mikono yake. Ilikuwepo, lakini hakuweza kusema ilikuwa imefanya nini maisha yake yote. Kitu fulani kilikuwa kinamteleza kutoka nyuma ya macho, polepole, bila maumivu, na sehemu yake moja, ile iliyozoea baridi, ilikuwa tayari kukiachia. Angegeuka tu, atoke, afunge mlango. Tayari mkono ulikuwa kwenye kitasa.

"Mwacheni aingie."

Mize alikuwa amekaa dirishani, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, begi lake la safari liko miguuni. Meli yake ya kurudi ilikuwa inaondoka kesho yake.

"Unamfahamu huyu, mama?" karani aliuliza.

Bibi alimtazama Vuai, na Vuai akasimama palepale akitazamwa, akijua kwamba hana haki hata ya kumwomba. Nje manyunyu yaligonga kioo. Ingetosha anyamaze. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na pengine alizipitia zote, moja moja, kwa muda ule aliouchukua.

"Namfahamu," Mize alisema. "Huyu ndiye aliyemnyooshea baba yangu kidole."

Wazee wote waligeuka. Mtu mmoja kati yao alisukuma kiti chake nyuma. Tamimu alimtazama Vuai kwa chuki, kisha kwa mashaka, kisha akaanza kuusugua mkono wake wa kulia, baina ya kidole gumba na cha shahada, kama mahali panapowasha.

"Mama, hayo tulikubaliana—" karani alianza.

"Mimi sikukubaliana na mtu." Mize alikivuta kiti kilichokuwa karibu yake, kikakwaruza sakafu. "Sijakusamehe, ami. Sijui kama nitakusamehe. Kaa hapa useme tena, tangu mwanzo, mbele yao, nami nitakuwa nakutazama."

Vuai alitembea mpaka pale. Aliketi, akaiweka mikono yake juu ya meza, viganja juu, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona, akalitaja jina la Ngwali.